Birika la Shangazi Linakwenda Hifadhini

Benchi letu liko kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi simu, na kinyozi ndiye mimi, kwa hiyo msitafute msimulizi mwingine. Ni ubao mmoja mrefu uliokalia matofali, na ukuta wa duka langu ndio mgongo wake. Mbele yake kuna jiko la mkaa na birika jeusi la Shangazi. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa. Ni muuza kahawa wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya kusimamisha lori, na hata Mwalimu anayemzidi umri humwita Shangazi. Asubuhi hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda zahanati kupimwa afya, kwa sababu ameomba kazi ya msimu katika hifadhi ya taifa: kuwapikia mafundi wanaotengeneza njia na madaraja porini, tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi. Kazi hiyo hutoka mara moja tu kwa mwaka. Mwaka jana aliikosa kijinga kabisa. Watu wa hifadhi walimpigia yule mwenye duka la pembeni, ambaye Shangazi alimtaja kuwa ndiye atakayemsemea, naye bwana mkubwa kaiacha simu kwenye chaja, kaenda kula. Siku ile Shangazi alisugua birika tu, akasugua, mpaka tukaogopa litatoboka. Safari hii alitutaja sisi.

— Simu italia asubuhi hii, alituambia kabla ya kuondoka. Injinia, simu yako usiizime. Mwalimu, utazungumza wewe. Nyinyi wawili mnyamaze. Na semeni kweli tupu, msinipambe kama bibi harusi. Kahawa ipo ya kutosha, mkiinywa kistaarabu.

“Nyinyi wawili” ni mimi na Hasara. Nilikereka, lakini nikameza.

Niwajulishe wenzangu. Injinia ndiye fundi simu. Uinjinia hajausomea popote, lakini spika ya simu yake inasikika mpaka sokoni. Mwalimu ni mstaafu wa jiografia, mtu wa kufunga mjadala hata kama haujaanza. Hasara anauza viatu vya mitumba, na jina alilipata kwa haki: mvua kwake hasara, jua hasara, mtoto akifaulu mtihani hasara, maana atataka kuendelea na shule. Sote wanne Shangazi anatujua kwa kijiko. Mwalimu hatiwi sukari tangu daktari amkataze. Injinia hutiwa vijiko vitatu na mkewe asijue. Hasara nusu, anasema kijiko kizima ni hasara kwa meno. Mimi kimoja, cha kulundika. Asubuhi hiyo tulijimiminia wenyewe, na hakuna aliyepata kikombe kilichokaa sawa.

— Kupikia mafundi porini si mchezo, alianza Mwalimu. Simu ya Injinia alikuwa ameishika yeye, kwa mikono miwili. Huko mpishi ni cheo. Msimamizi akiumwa, kambi inaendelea. Mpishi akiumwa, kambi inafungwa. Sasa niambieni, mkubwa nani?

— Mpishi, tukajibu.

— Basi Shangazi anakwenda kuwa mkubwa. Atavaa sare. Atapigiwa saluti.

— Saluti, na mwiko mkononi? akauliza Hasara.

— Mwiko ndio fimbo yake ya cheo.

Nilicheka, lakini kifua kilinijaa. Mtaa wetu haujawahi kutoa mtu wa kupigiwa saluti. Tulitoa bondia mmoja, naye alipigwa.

— Saluti si tatizo, akadakia Injinia. Tatizo ni tembo. Tembo na chumvi hawaachani. Akinusa tu kwamba jikoni kuna chumvi, anakuja kubomoa stoo. Mpishi wa kule lazima alale na chumvi chini ya mto.

— Si ndiyo tembo atamfuata kitandani? nikamuuliza.

— Akimkuta Shangazi, atageuza mwenyewe.

Hapo hakuna aliyebisha. Sote tumewahi kugeuzwa na Shangazi.

— Nyani je? akasema Hasara. Nyani wanaiba vifuniko vya sufuria. Nimesikia kuna kambi iliishiwa vifuniko, wakawa wanafunika chakula kwa kofia za askari.

— Umesikia wapi? akauliza Injinia.

— Kwa mteja.

— Mteja wa viatu anajua nini habari za vifuniko?

— Alikuwa ananunua buti la huko huko!

— Nyani watapanga foleni, Mwalimu akakata shauri. Mnamjua Shangazi. Asiyepanga foleni hapati. Mwisho wa msimu nyani wa hifadhi ile watakuwa na adabu kuliko nyinyi.

— Kinyozi, na upande huu mwingine vipi?

Hiyo ilikuwa sauti ya mteja wangu. Nilikuwa nimemsahau, haki ya Mungu. Alikuwa mgeni, kashuka kwenye basi la asubuhi anataka kunyolewa aendelee na safari. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia. Kushoto bado kichaka. Kasimama mlangoni na kitambaa changu shingoni, kaushika mkoba wake kifuani.

— Kaa hapo, ndugu yangu, nikamwambia. Tuna kikao. Nywele hazikimbii.

Akakaa mwisho wa benchi. Injinia akamtazama kichwa, akataka kusema kitu, akaghairi.

— Mimi nawaambia jambo, akarudi Injinia, na mtakuja kunikumbuka. Simba analala mchana kutwa. Si ndivyo, Mwalimu?

— Ndivyo.

— Sasa mtu anatoka mbali huko, kafunga safari, anamkuta simba kalala chali. Apige picha ya nini? Ya tumbo? Lakini Shangazi akishafika, mashapo ya kahawa si atayamwaga nyuma ya jiko? Simba anapita, analamba. Kwisha habari yake. Hapati usingizi tena. Mchana yuko macho, anatembea barabarani, anasalimia magari! Wageni watajaa mpaka lango lipanuliwe. Na ofisini hawatajua sababu.

— Sababu itakuwa birika la mtaa huu, nikasema, na nikajikuta nimesimama.

— Watajenga sanamu, akasema Mwalimu.

— Ya Shangazi au ya simba?

— Ya birika.

Tulicheka mpaka muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akatuuliza kuna nini. Hasara peke yake hakucheka. Alikuwa amekodoa macho ndani ya kikombe chake.

— Semeni yote, alisema. Sare, saluti, sanamu, sawa. Mvua zimekatika juzi tu. Mpaka zirudi, sisi hapa tutakunywa nini?

Kicheko kikatukauka.

— Tutajipikia, akasema Injinia.

— Wewe? Wewe ulichemsha maji ya kuoga ukaunguza sufuria.

— Basi kinyozi.

— Kahawa yenye nywele sinywi, akasema Mwalimu.

— Wewe nawe, nikamwambia, ulishawahi kuona unywele kwenye kikombe changu?

— Sikilizeni, akasema Hasara, na sauti akaishusha. Mnashangilia hasara yenu wenyewe. Simu ikilia, mtu akisema neno moja tu, kwamba mama huyu ana mguu unaomsumbua, basi. Msimu huu na ujao yuko hapa hapa. Na mguu unamsumbua kweli. Kasema tuseme kweli.

Hakuna aliyejibu haraka. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba hakuna aliyejibu haraka.

— Ukithubutu, nikamwambia, nitakunyoa mpaka nyusi.

— Mwaka jana alisugua lile birika, Mwalimu akasema taratibu. Ulikuwepo, Hasara. Ulimwona.

Hasara akageukia barabarani. Akachukua kiatu kimoja kwenye fungu lake, akaanza kukifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Ndipo simu ikalia.

Mwalimu alikurupuka, simu ikamponyoka, ikaangukia kwenye kopo la sukari. Injinia akaiopoa, akaipangusa kwa shati, akawasha spika.

— Halo! tukasema sote wanne kwa pamoja.

— Habari za asubuhi, ilisema sauti ya mwanamke. Nyuma yake kulikuwa na mtu anagonga misumari. Naongea na nani?

— Na benchi, akajibu Injinia.

— Na nani?

Mwalimu akamkanyaga mguu.

— Unaongea na wateja wake wa kila siku, bibie. Mimi ni mwalimu mstaafu. Uliza utakacho.

— Ahsante, mwalimu. Mimi ndiye msimamizi wa kambi ya mafundi wa njia, huku hifadhini. Huyu mama anaamka mapema?

— Bibie, jua lenyewe humuuliza yeye kama litoke!

— Sitaki mashairi, mwalimu. Nataka kujua kama anaamka.

Mwalimu akatumbua macho. Nilisahau kabisa kwamba nimeambiwa ninyamaze.

— Mama, mimi ni kinyozi, nikasema. Nafungua duka kabla ya mtu yeyote mtaa huu. Sijawahi kumtangulia. Kila nikija namkuta, na moto umeshashika.

— Hilo limenitosha. Anaweza kupikia watu wengi?

— Jeshi zima! akapayuka Injinia. Na simba!

— Na nini?

— Na wageni wakizidi, Mwalimu akawahi.

— Haya. Sasa swali la mwisho, na naomba mnijibu vizuri. Wiki nzima napiga simu, na kila mpishi ninayeelezwa ni malaika. Hagombani na mtu, hakasiriki, hachoki. Malaika sina mahali pa kuwalaza huku. Huyu wenu ana kasoro gani?

Tulitazamana. Kasoro za Shangazi tunazijua nyingi tu, kila siku tunazitaja nyuma ya mgongo wake, lakini pale hakuna iliyotoka. Halafu nikaona shingo ya Hasara inanyooka kuelekea kwenye simu. Nikamdaka shati. Nilichelewa.

— Kasoro anayo, alisema Hasara.

Mwalimu alifumba macho.

— Nani anaongea?

— Muuza viatu. Mimi ni mteja wake kabla ya hawa wote. Sikiliza, dada. Walipokuja wachimba mitaro kuweka bomba mtaa huu, mvua ilikuwa inapiga haswa. Huyo mama akatuinua kwenye benchi. Sisi! Wateja wake! Akawakalisha wale, watu hata kuwajua hawajui. Eti wao wametoka kazini, sisi tumetoka kitandani. Nilikunywa kahawa nimesimama mpaka bomba likaisha. Nilipolalamika, akanionyesha koleo, akasema nikachimbe, nikilowa nitakalishwa.

— Ukachimba?

— Nichimbe mimi? Huyo mama hajali umemjua tangu lini. Hajali wewe ni nani. Alikuja diwani siku hizo hizo, na tai yake, naye akasimama na sisi. Anaangalia nani kachoka, basi. Ndiyo kasoro yake. Mimi mpaka leo sijamsamehe.

Upande wa pili hata misumari ilinyamaza. Nilikuwa nimeishika kola ya Hasara, na sikujua niiachie au nimnyonge nayo.

— Halo? akasema Mwalimu.

— Nipo, ilisema ile sauti, na safari hii kulikuwa na kicheko ndani yake. Mwalimu, mimi nina mafundi wanaorudi jioni wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Na nina wakubwa wanaokuja kututembelea, wakifika tu wanavamia viti na kuagiza chai. Kila msimu natafuta mpishi wa kuwainua wale wakubwa, sipati. Mwambieni Jumatatu gari la hifadhi litampitia alfajiri. Kama ana birika zuri aje nalo, la hapa linavuja.

Simu ikakatika.

Sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Nakumbuka Injinia alimbeba Mwalimu, mtu mzima, akamzungusha, na Mwalimu akikataa huku anacheka. Muuza mkaa alivuka barabara kuja kuuliza, na aliposikia akarudi kuwaita wenzake. Nikasimama juu ya benchi nikatangaza: Shangazi wetu kachukuliwa hifadhini! Wanawake wa bombani wakapiga vigelegele. Niseme wazi, nilijivuna siku ile kana kwamba niliyepata kazi ni mimi. Wametafuta kila msimu, hawajapata, na alikuwa hapa, ukuta mmoja na mimi, anakoroga.

— Mtu wa hasara katuletea faida! akasema Injinia.

— Niacheni, alisema Hasara. Alikuwa anajifuta macho kwa ule mkono wenye kiatu. Ni moshi huu wa jiko.

Jiko lilikuwa limeshazima.

— Hili lataka kikombe, akasema Mwalimu, na akatikisa birika. Uso ukambadilika. Kimebaki kimoja.

Basi, ikawa vita. Mwalimu alisema ni chake, ndiye aliyeongoza kikao. Injinia akasema bila simu yake kikao kingeongozwa kwa ishara. Mimi nikasema ukuta wanaouegemea ni wa nani. Hasara akasema yeye ndiye aliyesema neno lililompeleka, na tangu lini mshindi ananyimwa. Tulikuwa tumeshikana mikono kwenye birika, wote wanne, yule mgeni wa nusu kichwa alipokohoa.

— Samahani, mimi si wa hapa, alisema. Kwa nini msimwekee mwenyewe?

Tukaachia birika.

— Ndicho nilichokuwa nakuja kusema, akasema Mwalimu, akamimina taratibu mpaka tone la mwisho. Akapangusa ukingo wa kikombe, akachukua kijiko, akakichovya kwenye kopo la sukari. Mkono ukabaki huko huko.

— Yeye hutia sukari ngapi? akauliza yule mgeni.

Swali dogo kama hilo. Mtoto angeweza kuliuliza.

— Viwili, alisema Injinia.

— Umewahi kumwona? nikamuuliza.

— Ana sura ya viwili.

— Hatii kabisa, akasema Hasara. Mtu mkali yule.

— Umemwona akinywa bila sukari?

— Sijamwona.

— Mwalimu?

Mwalimu alitazama kijiko. Na mimi nikajaribu. Nilirudisha kichwa nyuma miaka yote hiyo, nikamtafuta Shangazi na kikombe mdomoni, hata mara moja. Nilimwona anamimina. Nilimwona anaosha, anapuliza mkaa, anamfokea mtu. Kijiko changu cha kulundika anakijua hata nikiwa na homa na sitaki kuongea. Chake sikukijua. Tulibaki tumekizunguka kile kikombe, wanaume wazima.

Hivyo ndivyo alivyotukuta. Alikuja akichechemea kidogo, viatu vyeupe kwa vumbi la njia, mkoba begani. Aliona watu wamejaa, akaona sisi tumenyamaza, akapunguza mwendo.

— Imelia? aliuliza.

— Imelia, akasema Mwalimu.

— Kazungumza nani?

Wote tukamwonyesha Hasara. Uso wa Shangazi ukaporomoka.

— Hasara? Mungu wangu. Basi tena. Nilisema Mwalimu, nikasema wazi kabisa, Mwalimu...

— Jumatatu alfajiri, akasema Mwalimu. Gari la hifadhi litakupitia hapa. Wanakutaka wewe, na birika lako.

Shangazi alisimama pale pale. Alimtazama Hasara, Hasara akatazama viatu vyake. Kisha Hasara akaondoka kwenye benchi, bila kuambiwa na mtu. Injinia naye akainuka. Nikapisha, Mwalimu akasogea, na yule mgeni akanyanyuka na kitambaa chake shingoni. Benchi likabaki tupu.

— Kaa, Shangazi, akasema Hasara. Wewe umetoka kazini. Sisi tumetoka kitandani.

Akakaa. Hajawahi kukaa kwenye ubao ule. Alikaa katikati, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika ugenini.

— Sukari ngapi? nikamuuliza.

— Ya nani?

— Yako wewe.

Ndipo alipocheka, kicheko chake kile cha kusimamisha lori.

— Mimi kahawa siinywi, alisema. Tangu nizaliwe sijaionja.

— Hujaionja? Mwalimu alikaribia kuangusha kikombe. Sasa siku zote hizi unajuaje kama imekaa sawa?

— Nawamiminia, halafu nawaangalia nyuso. Wewe ukikunja jicho moja, najua ni nzito. Kinyozi akipiga soga, imepoa. Hasara akikosa la kulalamikia, basi siku hiyo nimepatia.

Hasara alikichukua kikombe mkononi mwa Mwalimu. Alikitia sukari nusu kijiko, kama chake, akampa kwa mikono miwili.

— Onja, Shangazi, alisema. Ujue unachokwenda kuwapa watu.

Alikipokea. Alikinusa, akatutazama mmoja mmoja, akakiinua mdomoni. Mtaa mzima, na mgeni wangu na nusu kichwa chake, tukamwangalia uso.